Shahada ya Kidole Gumba

Nchi yetu ipo, ila haimo kwenye ramani, kwa sababu Serikali ilikataa kupigwa picha kutoka angani bila kuombwa ruhusa. Kwa hiyo msijisumbue kuitafuta. Siku mtakaposikia mlango unabishwa kwa teke, mkafungua, mkapewa hongera, jueni mmeshafika.

Mtaani kwetu Vumbini aliishi mwanamke anaitwa Kidawa binti Mfaume, mjane, mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Mumewe alikufa kwa kipindupindu mwaka ule Serikali ilipotangaza kwamba kipindupindu hakipo, na kwamba waliokufa waliharisha kwa hiari yao. Arobaini ilipokwisha, Kidawa aliwakusanya wanawake wa mtaa, wakachimba kisima, wakakifungia pampu ya umeme wa jua, wakaanza kuuza maji kwa bei ambayo hata ombaomba aliimudu. Kilichopatikana walinunulia dawa ya maji na kumlipa fundi. Watoto wakaacha kufa. Tulilijua hilo mapema, maana fundi majeneza wetu alifunga duka akahamia mtaa mwingine.

Asubuhi moja, foleni ikiwa bado ndefu, lilikuja lori la Kikosi cha Maadili. Askari waliruka chini na kutupiga kwa ndoo zetu wenyewe, kwa kuwa Serikali yetu hubana matumizi. Jirani yangu Mama Zawena alivunjwa mkono akimkinga mwanawe. Kidawa alisimama mbele ya pampu. Alipigwa rungu la mbavu akaanguka, akainuka, akapigwa la pili. Ndipo kamanda akamsomea kosa lake: kutenda wema bila leseni.

"Leseni yenyewe inatolewa wapi?" Kidawa aliuliza akiwa chini, damu inamtoka puani.

"Chuoni," kamanda alijibu. "Hongera, dada. Umepata ufadhili."

Wakamrusha ndani ya lori kama gunia la mkaa. Mchana redio ilitangaza kwamba mwanamke wa Vumbini amechaguliwa kwenda masomoni, na kwamba alilia kwa furaha.

*

Chuo cha Taifa cha Ujasiriamali wa Jamii, Maadili ya Biashara na Utawala wa Kidijitali ni jengo imara sana. Kina ukuta mrefu, seng'enge juu ya ukuta, na minara kila pembe, kwa sababu zamani kilikuwa gereza. Sasa si gereza tena. Kibao kimebadilishwa. Wafungwa waliokuwamo siku kibao kilipobadilishwa waliamka wakaambiwa wako mwaka wa pili.

Darasani Kidawa alikalishwa benchi moja na Shomvi Kondo, muoka mikate, mtu mnene na mpole aliyezoea kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Kosa lake lilikuwa kubeba mikate iliyobaki jioni na kuwapelekea wagonjwa wa hospitali ya wilaya.

"Wewe dada walikuvunja wapi?" Shomvi alinong'ona siku ya kwanza.

"Mbavu. Wewe je, kaka?"

"Mimi bado. Nadhani wananisubiri nipungue kidogo, wasipate taabu kuufikia mfupa."

Kidawa alicheka, na mbavu zikamkumbusha asirudie.

Mhadhiri wao alikuwa Sajini Kitunga, kijana nadhifu aliyepiga pasi hata mkanda wa suruali. Udaktari wa falsafa alitunukiwa kwenye gwaride. Aliingia darasani na chaki mkono wa kushoto, rungu mkono wa kulia, na kabla ya yote alitaka wanafunzi wamwamkie kwa pamoja, na waliovunjwa taya waamkie kwa macho.

"Mjasiriamali wa jamii," Kitunga alisoma, "ni mtu anayeona tatizo la jamii, akalimiliki."

Binti mmoja wa mbele, aliyekamatwa kwa kuwafundisha viziwi kushona, aliinua mkono. "Samahani, Afande. Nadhani ni akalitatua."

Kitunga alishuka jukwaani bila haraka. "Ukilitatua leo," alimwuliza kwa upole, "kesho utamiliki nini?" Kisha akampiga rungu la mdomo. Meno yakamwagika juu ya daftari, na binti akayafunika kwa mkono, aibu imemshika, kama mtu aliyemwaga chai kwenye nyumba ya watu.

Nikisema chuo kile hakina upendeleo, mniamini. Kwingineko mwanafunzi hupata alama kwa siri, akaenda kuwadanganya wazazi. Pale alama zilitolewa mbele ya darasa zima, na kila mtu alitembea nazo mwilini. Aliyezipata usoni alikuwa amefaulu. Aliyezipata mgongoni alitakiwa aongeze bidii. Wazazi waliokuja kuwatembelea watoto wao waliyasoma matokeo wakiwa mbali, kabla hata ya kusalimiana.

Kwenye Maadili ya Biashara walifundishwa rushwa. "Rushwa ni nini?" Kitunga aliuliza, akamnyooshea Shomvi rungu.

"Ni kupokea kitu ili uifanye kazi ambayo tayari unalipwa kuifanya, Afande. Samahani."

"Kosa. Rushwa ni kile anachopokea mtu ambaye hakutumwa akipokee." Akampiga magotini, kulia na kushoto, kwa kuwa alipenda usawa. Tangu siku ile Shomvi alitembea akimshika Kidawa bega, na kila hatua alimwomba radhi kwa uzito wake.

*

Somo la Utawala wa Kidijitali lilizinduliwa na Rais mwenyewe, Mheshimiwa Jenerali Profesa Lwimbo, mbele ya wafadhili wa kigeni walioketi chini ya feni wakinywa maji ya chupa.

"Wanafunzi wangu wapenzi," Jenerali alisema, "babu zetu walitawaliwa kwa kiboko. Lakini kiboko hakitunzi kumbukumbu! Anayepiga husahau, anayepigwa hukumbuka. Je, huo ni uwiano? Huo ni uwazi? Kuanzia leo hakuna raia atakayekamatwa, kupigwa wala kuuawa kabla mfumo haujamtambua kwa kidole gumba chake. Kila pigo litaingia kwenye mfumo! Na askari atakayempiga mtu asiyetambuliwa atashtakiwa kwa kuharibu mali ya umma, yaani rungu."

Wafadhili walisimama wakapiga makofi. Mmoja alifuta machozi.

Sheria ilikwenda mbali zaidi. Ilisema mali ya mtu haichukuliwi ila kwa ridhaa yake, na ridhaa hutolewa kwa kuweka kidole gumba kwenye kishikwambi. Kioo kilikuwa na vitufe viwili. Kimoja kiliandikwa NAKUBALI. Cha pili kiliandikwa NAKUBALI BAADAYE. Waziri wa Mawasiliano alieleza kwamba walitafuta kitufe cha tatu kwa moyo mmoja, wakakosa nafasi kwenye kioo.

Hapo ndipo masomo yalipofika kwenye vitendo. Kila mwanafunzi alitakiwa kuikabidhi kazi yake ya wema kwa kampuni ya binti yake Jenerali, iliyosajiliwa wiki ile kwa jina la Huruma Asilia. Wengi walibonyeza NAKUBALI, maana walikuwa na watoto nyumbani. Shomvi akabonyeza NAKUBALI BAADAYE. Kesho yake akaulizwa tena, akabonyeza hicho hicho. Kila asubuhi alichechemea hadi mbele, akaomba radhi, akabonyeza baadaye. Darasa likaanza kutabasamu. Kidawa aliniambia kwamba zile ndizo asubuhi pekee alizosikia njaa ya kawaida, ya mtu anayetaka kuishi.

Sajini Kitunga hakutabasamu. Alipigiwa simu na binti yake Jenerali, akatoka nje kuipokea, akarudi amebeba kisu cha jikoni.

"Kaka Shomvi," alisema, na lilikuwa jambo la ajabu, hakuwahi kumwita kaka, "baadaye imefika."

"Samahani, Afande. Siwezi. Wale wagonjwa jioni wanaangalia mlangoni."

Askari wawili walimbana shingo na mkono wa kulia juu ya meza. Kitunga alikata mara moja, haikutosha, akakata tena. Shomvi alipiga kelele ambayo darasa zima lilidhani imetoka kwa mtu mwingine, kwa jinsi yeye alivyokuwa na sauti ndogo. Kitunga alikifuta kile kidole kwa leso, akakiweka kwenye kioo, kikakubali.

"Mmeona?" aliwaambia wanafunzi. "Kidole chenyewe hakikuwa na neno. Tatizo lilikuwa mwenye kidole."

Kidawa alichana upande wa kanga yake, akamfunga mkono, akambeba kwa mgongo mpaka zahanati ya chuo. Muuguzi alikuwa mtu mwema, alishatayarisha bandeji. Ila mgonjwa hatibiwi kabla mfumo haujamtambua.

"Aweke kidole gumba cha kulia," muuguzi alisema.

"Hicho ndicho kilichokatwa!" Kidawa alimpigia kelele. "Huoni damu? Kiko kwa Sajini!"

"Basi kakiombeni, dada yangu. Nikimgusa bila kutambuliwa, watanikata mimi."

Kidawa akakimbia kwa Kitunga. Akaambiwa kidole kiko kazini, kinakubali mambo mengine. Kilishakubali nyumba ya Shomvi, na shamba la mkewe. Aliporudi, Shomvi alikuwa amelala kwenye baraza la zahanati, mweupe midomo, nzi wameshajua. Akamweka kichwa mapajani.

"Dada," Shomvi alisema, "ile chachu iliyo kwenye mtungi. Mwambie mke wangu asiimwage. Aiongezee unga tu."

"Nitamwambia."

"Samahani nimekulowesha."

Alikufa kabla ya adhuhuri. Katika matokeo ya mwisho, kidole cha Shomvi Kondo kilifaulu kwa daraja la kwanza. Shomvi mwenyewe alifutwa chuo kwa utoro.

*

Kidawa alichaguliwa kuwa mwanafunzi bora. Hilo halikumshangaza mtu, kwa kuwa kisima cha Vumbini ndicho pekee kilichobaki bila kukabidhiwa, na wafadhili walitaka kuona ridhaa ya mtu mzima, mwenye vidole vyote, ikitolewa mbele ya kamera kwa tabasamu.

Asubuhi ya mahafali zamu yake ilikuwa jikoni, kuwapikia wageni chapati. Chuma cha kukaangia kilikuwa kimeshika moto hadi mafuta yanaruka. Wenzake walipotoka kwenda kuchota kuni, Kidawa aliikunja kanga, akajitia mdomoni, akaiuma, kisha akaweka viganja vyake vyote viwili juu ya chuma na kukandamiza.

Baadaye tulimsifu kwa ushujaa, akatukatalia. Alisema hakuwaza taifa wala kisima. Aliwaza tu jinsi Shomvi alivyoomba radhi kwa kumwaga damu yake mwenyewe, na alikasirika mpaka akaona heri aungue. Wenzake waliporudi walimkuta amekaa sakafuni, jino moja limekatika, mikono ameitumbukiza kwenye pipa la unga. Harufu ilikuwa ya nyama. Hawakuuliza. Mmoja alimvalisha joho, akamvutia mikono mirefu ya joho mpaka chini.

Mahafali yalifana. Kidole cha Shomvi kililetwa juu ya mto wa mahameli nyekundu, Jenerali akakivisha kofia ndogo ya shahada, bendi ikapiga. Kisha likaitwa jina la Kidawa. Alipanda jukwaani, akaupeleka mkono kwenye kioo. Kioo kilifikiri. Kwenye skrini kubwa, mbele ya mabalozi na taifa zima, yakatokea maandishi: MTU HUYU HAYUPO.

"Rudia," Jenerali alisema huku akitabasamu kwa upande wa kamera.

Akarudia. Akapeleka mkono wa pili. Ngozi ikabaki kwenye kioo. HAYUPO. Mfadhili mmoja alianza kuandika kitu.

"Mpige!" Jenerali alinguruma.

Sajini Kitunga aliinua rungu, akalishikilia hewani. "Nimpige nani, Mheshimiwa? Mfumo unasema hapa hakuna mtu. Na sheria ni ya kwako, ile ya mali ya umma."

"Mimi namwona!"

"Hata mimi namwona, Mheshimiwa. Lakini sisi si mfumo."

Kidawa alishuka ngazi. Alipita kati ya viti vya wageni, akapita langoni, ambako mlinzi alitazama kishikwambi chake, akatazama pembeni, akaendelea kutafuna muwa.

*

Alifika Vumbini kwa miguu, homa inamchemsha. Tulimwuguza kwa zamu. Mikono ilipoanza kukauka ilikuwa laini na ya waridi, haina mstari hata mmoja, kama mikono ya mdoli. Watu walikuja kuiangalia. Wakatazama, wakaondoka, wakarudi na swali moja.

"Inauma kiasi gani?" Mama Zawena ndiye aliyeliuliza kwanza.

"Inauma sana," Kidawa alisema. "Sitawadanganya. Na chapati mtaziona karaha maisha yenu yote."

Tukaanza. Chuma kiliwekwa uani kwa Kidawa, mtu wa kuungua na watu wa kumshika. Fundi pampu aliungua. Imamu aliungua, na mchungaji akaungua baada yake asije akaonekana nyuma. Mimi nilizimia, nikamwagiwa maji, nikaulizwa kama niendelee na mkono wa pili, nikasema ndiyo, na mpaka leo sijui ni nani aliyesema vile kwa sauti yangu. Watoto tuliwaacha. Kwa sheria zetu mtoto hana kidole mpaka akue.

Kikosi cha Maadili kilipokuja kuchukua kisima, kilitukuta tumejipanga na mikono juu. Walitujaribu kwenye kishikwambi mmoja mmoja hadi betri ikaisha. Hayupo. Hayupo. Wakaondoka bila kuharibu mali ya umma, nasi tukacheza ngoma hadi miguu ikauma. Tulikuwa wajinga. Tulidhani asiyekuwepo haguswi.

Wizara ya Ardhi ilifungua mfumo, ikaona Vumbini haina mtu. Wizara ya Ulinzi ilikuwa inatafuta eneo tupu la kufanyia mazoezi ya mizinga. Wizara hizi mbili hazijawahi kuelewana tangu uhuru, lakini siku ile zilielewana.

Yalianza wakati watoto wanatoka shule. Kombora la kwanza liliangukia kilabu cha pombe, la pili barabara ya sokoni. Zawena alikuwa amebeba mkoba kichwani kujikinga na jua. Mama yake aliukuta mkoba, na kiatu kimoja, na nywele alizomsuka jana yake. Mengine aliyakusanya kwa mkono ule uliovunjwa ukaungwa kombo, maana wa kulia ulikuwa umeshika kanga ya kuwekea. Kidawa alifukua vifusi kwa mikono yake ya ngozi changa mpaka ikafunguka upya. Pampu ilisambaratika. Kisima kilibaki na maji, mekundu, tukayachota yote tukayamwaga ili yaje mengine.

Jioni redio ilisoma taarifa: mazoezi yamefanikiwa, hakuna aliyekufa.

"Hakuna," Mama Zawena alirudia neno hilo, kwa utulivu, kama anayeonja chumvi.

*

Tulikwenda Ikulu kesho yake baada ya chakula cha mchana, saa ambayo Jenerali hupumzika. Hatukujificha. Tulikuwa mtaa mzima uliobaki, na tulitembea katikati ya barabara kuu. Walinzi wa lango la kwanza walitazama skrini zao, zikawaonyesha barabara tupu. Kijana mmoja alinipisha, akasema, "Upepo mkali leo." Nadhani alikuwa na mama Vumbini.

Jenerali alikuwa kitandani, amevaa fulana na soksi. Bila nishani alikuwa mzee tu mwenye kitambi.

"Nyie ni nani?" aliuliza.

Kidawa alisimama mbele kabisa. Alikuwa ametuambia njiani kwamba hataki damu, anataka kitu kimoja. "Tumekuja useme majina," alimwambia. "Sisi tutakutajia, wewe utayarudia moja moja, redioni. Basi. Tutaondoka."

"Majina ya nani?"

"Zawena," alisema Mama Zawena.

"Nimekwisha kusema hakuna aliyekufa." Jenerali alinyakua simu ya kando ya kitanda. "Walinzi! Kuna watu chumbani kwangu! Njooni upesi!"

Simu ilikuwa na sauti kubwa, wote tulisikia. Tulisikia mtu akibonyeza vitufe, anakagua. Kisha mlinzi akajibu kwa heshima zote: "Mheshimiwa, mfumo unaonyesha uko peke yako. Jaribu kulala."

Mama Zawena alikwenda akafunga mlango. Mimi nilikuwa upande wa nje, kwa hiyo siwezi kusimulia nisichokiona. Nilisikia samani. Nilisikia sauti yake ikiahidi vyeo, kisha ikimwita mama yake. Kidawa alitoka kabla hayajakwisha, akatapika kwenye maua ya Ikulu, akakaa chini kwenye majani akilia, akisema si hivi, jamani, si hivi nilivyotaka. Hakuna aliyemsikia ila mimi.

Daktari wa Serikali aliuchunguza mwili. Mfumo ulimwambia hakuna mtu aliyeingia wala kutoka. Akaandika kwamba Rais amefariki kwa upweke, na taifa likaomboleza upweke huo wiki nzima.

Aliyeapishwa baada yake ni Profesa Sajini Kitunga. Alihutubia akiwa amevaa suti iliyopigwa pasi, na aliyoyasema yalitugusa. Alilaani ukatili uliofanywa kwa vidole vya wananchi. Aliahidi fidia. Aliahidi kutujengea kisima kipya, na makofi yalisikika redioni kwa muda mrefu.

Tulikuwa kisimani tukimsikiliza, tunavuta maji kwa kamba, walioungua kidogo wakiwavutia walioungua sana. Kidawa alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Kwa hiyo," Kitunga alimalizia, "mfumo mpya utakuwa wa kiutu. Hautagusa kidole cha mtu yeyote. Kila raia, popote alipo, atatambuliwa kwa macho yake."

Mtu mmoja alizima redio. Kamba ilisimama. Mama Zawena, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, aliitua ndoo yake, akageuka, akaanza kututazama mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayekariri nyuso ambazo hataziona tena.